Daktari Richard Bright: Kijiko, Mshumaa na Deni la Maskini

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpenzi msomaji, mwilini mwako mna viungo viwili ambavyo vikipata ufa havipigi kelele. Havikuumi, havikuwashi, wala havikunyimi usingizi. Unakwenda zako shambani, unachunga mbuzi wako, unacheza mpira wako jioni, kumbe ndani mambo yameharibika. Viungo hivyo ni figo.

Figo ni mbili, kila moja takriban ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, na zimejificha nyuma, chini ya mbavu. Katika somo la Bayolojia tulijifunza kwamba kazi yake ni kuchuja damu, kutoa uchafu na maji ya ziada, na kuacha vile vitu ambavyo mwili unavihitaji. Hayo kila mmoja wetu anayajua, au tuseme aliyajua mpaka siku ya mtihani. Lakini je, ni nani aliyeuonyesha ulimwengu kwamba figo zikiharibika mwili mzima huvimba na mtu akafa? Bwana huyo aliitwa Richard Bright, daktari wa Uingereza aliyeishi kuanzia mwaka 1789 hadi 1858. Katika makala haya nitayasimulia maisha yake kwa ufupi, kisha nitaeleza kwa nini sisi watu wa kando ya mto Tana tunapaswa kumjua.

Bright alizaliwa tarehe 28 Septemba 1789 katika mji wa Bristol, ambao ni mji wa bandari upande wa magharibi wa Uingereza. Baba yake, ambaye pia aliitwa Richard, alikuwa mfanyabiashara na mwenye benki. Kwa hivyo mtoto huyu hakuzaliwa kwenye shida. Alizaliwa na kijiko cha fedha, kama si cha dhahabu. Hapa ni lazima tuseme ukweli wote. Katika zama hizo Bristol ilikuwa miongoni mwa miji iliyotajirika kutokana na biashara ya watumwa na sukari ya visiwa vya Karibi, iliyolimwa na Waafrika waliopelekwa huko kwa minyororo. Jamaa za Bright walikuwa katika biashara hiyo ya Karibi. Kijana huyu hakuchagua pa kuzaliwa, lakini ni vizuri tukumbuke jasho lililomsomesha lilitoka wapi.

Mwaka 1808 alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Uskoti. Mwanzo alisoma falsafa, hesabu na mambo ya uchumi, lakini mwaka uliofuata akageukia udaktari. Mwaka 1810, akiwa bado kijana wa miaka ishirini, aliacha vitabu kidogo akafuatana na Sir George Mackenzie na rafiki yake Henry Holland kwenda kisiwa cha Iceland. Huko ni karibu na mwisho wa dunia upande wa kaskazini, mahali penye barafu, volkeno na chemchemi za maji yanayochemka. Wenzake wakiangalia mawe na watu, yeye aliandika habari za mimea na wanyama. Tangu hapo tunaiona tabia iliyomfanya awe mtu mkubwa baadaye. Alikuwa mtu wa kutazama, kisha anaandika, kisha anachora. Hakuwa mtu wa kusikia jambo na kulikubali hivi hivi tu.

Aliporudi alikwenda London kujifunza kazi katika hospitali iitwayo Guy's, halafu akarejea Edinburgh na kupata shahada yake ya udaktari mwaka 1813. Wengi wetu tungedhani sasa atafungua chumba chake, aanze kuhesabu pesa. Wapi! Mwaka 1814 alifunga safari tena, akapita Berlin hadi Vienna, ambako wafalme na mawaziri wa Ulaya walikuwa wamekutana kugawana nchi baada ya vita vya Napoleon. Kutoka hapo aliingia Hungaria, akazunguka vijijini kwa miezi mingi. Aliandika juu ya mashamba, mifugo, magonjwa na wafungwa wa kilimo cha mabwana, na pia aliandika habari za Waroma, watu wasio na makao waliodharauliwa na kila mtu, akakusanya hata maneno ya lugha yao. Sisi wa Chama cha Kiswahili tungempa uanachama. Safari hiyo aliitolea kitabu mwaka 1818, na picha nyingi zilizomo alizichora kwa mkono wake mwenyewe.

Akiwa njiani kurudi nyumbani mwaka 1815, alipita Brussels majuma machache tu baada ya vita vya Waterloo. Hospitali za mji huo zilikuwa zimejaa askari waliojeruhiwa. Kijana daktari aliwaona kwa macho yake mwenyewe.

Baada ya safari hizo alianza kazi London katika hospitali ya wagonjwa wa homa. Zamani hizo homa za kuambukiza ziliua watu wengi, hasa wale waliobanana katika vyumba vidogo visivyo na hewa wala maji safi. Bright mwenyewe aliambukizwa homa kazini, akaugua vibaya sana hata ikabaki kidogo afe. Alipopona hakukimbia kazi. Mwaka 1820 aliajiriwa kuwa daktari msaidizi katika hospitali ya Guy's, na mwaka 1824 akawa daktari kamili. Hapo ndipo kazi yake kubwa ilipofanyika.

Sasa tuieleze hospitali yenyewe. Guy's iko Southwark, upande wa kusini wa mto Thames, karibu na daraja la London. Ilianzishwa na muuza vitabu aitwaye Thomas Guy, ikafunguliwa mwaka 1725. Bwana Guy alitajirika zaidi kwa hisa za kampuni moja ya South Sea, ambayo kati ya shughuli zake ilikuwa na mkataba wa kusafirisha watumwa kwenda makoloni ya Uhispania. Kwa hivyo pesa zilizojenga hospitali ya maskini wa London zilikuwa na machozi ya Waafrika ndani yake. Lakini kusudi la hospitali lilikuwa jema: kuwapokea wagonjwa maskini, hasa wale ambao hospitali nyingine zilikata tamaa nao.

Watu waliolala katika wodi zake walikuwa vibarua wa bandarini, mabaharia, wafuaji nguo, wapagazi, watumishi wa nyumbani na walevi wa mitaani. Tajiri hakwenda hospitali zama hizo. Tajiri alimwita daktari nyumbani kwake. Hospitali ilikuwa ya yule asiye na mtu. Kwa maneno mengine, yote nitakayoyaeleza sasa, ulimwengu umeyajua kutoka kwenye miili ya maskini.

Miongoni mwa wagonjwa hao walikuwako wengi waliovimba. Uso unavimba asubuhi, macho yanakuwa kama ya mtu aliyepigwa, halafu miguu, halafu tumbo, mpaka mtu hawezi kupumua akilala. Ukibonyeza mguu kwa kidole, panabaki shimo. Madaktari waliuona ugonjwa huo tangu enzi za Wayunani, wakaupa jina, lakini waliuchukulia kuvimba kwenyewe kuwa ndio ugonjwa. Walidhani ni maji tu yamezidi. Ni sawa na kuona nyumba inavuja, ukashughulika kukinga ndoo kila siku, usipande juu kuangalia paa.

Bright alipanda juu ya paa. Kabla yake walikuwako madaktari wawili watatu waliokwisha kugundua kwamba mkojo wa baadhi ya watu waliovimba una kitu cha ajabu. Ukiuchemsha hugeuka na kuganda kama ute mweupe wa yai uliotiwa kwenye sufuria ya moto. Jambo hilo lilijulikana, lakini hakuna aliyejua hasa linatoka wapi. Bright alichukua kijiko, akatia mkojo wa mgonjwa, akakishika juu ya mshumaa. Mkojo wa mtu mzima ukabaki mweupe kama maji. Mkojo wa mgonjwa fulani aliyevimba ukawa mzito kama maziwa. Kijiko na mshumaa, basi. Hakuwa na umeme, hakuwa na eksirei, hakuwa na mashine ya aina yoyote.

Leo tunaelewa sababu. Ule ute ni protini iitwayo albumini, ambayo ni mali ya damu. Figo nzima ni kama chujio la tui: tui linapita, machicha yanabaki. Chujio likichanika, machicha nayo yanapita. Albumini ikivuja kwenye mkojo, damu inapungukiwa na kile kinachoshikilia maji ndani ya mishipa, maji yanatoka na kukaa chini ya ngozi, na hapo mtu anavimba.

Lakini Bright hakuishia kwenye kijiko. Mgonjwa alipofariki, aliupasua mwili wake na kuangalia ndani. Inasimuliwa kwamba alitumia si chini ya saa sita kwa siku katika wodi na katika chumba cha maiti. Aliandika mgonjwa alikuwaje alipokuwa hai, mkojo wake ulikuwaje, kisha akaandika figo zake zilikuwaje baada ya kufa. Tena na tena aliona jambo lile lile. Aliyevimba na mkojo wake ukaganda, figo zake zilikuwa zimeharibika: nyingine kubwa na zenye rangi ya kupauka, nyingine ndogo, ngumu, zimejaa vinundu. Wengine waliovimba ambao mkojo wao haukuganda, mara nyingi ubovu ulikuwa mahali pengine, kama vile kwenye ini au moyo. Kwa hivyo kijiko kile kilimwezesha daktari kuona ndani ya mwili wa mtu aliye hai. Hilo si jambo dogo, jamani.

Mwaka 1827 alitoa kitabu kikubwa cha taarifa za wagonjwa wake, chenye picha za rangi za figo zilizoharibika. Kitabu hicho ndicho kilichomtangaza. Watu wakauita ugonjwa huo kwa jina lake, ugonjwa wa Bright, na jina hilo likatumika duniani kwa zaidi ya miaka mia moja. Siku hizi limeachwa, kwa sababu imegunduliwa kwamba figo huharibika kwa njia nyingi na kila moja ina jina lake.

Hakuifanya kazi hiyo peke yake, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Rafiki yake John Bostock, mtu wa kemia, alimsaidia kupima damu na mkojo, na ikaonekana kwamba ule uchafu uitwao yurea, ambao ungetoka kwenye mkojo, ulikuwa unabaki ndani ya damu. Hospitalini hapo alikuwako pia Thomas Addison, aliyetambua ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo, na Thomas Hodgkin, aliyetambua saratani ya tezi ambayo mpaka leo inabeba jina lake. Madaktari watatu wa hospitali moja, na wote majina yao yamo vitabuni!

Mwaka 1836 Bright alitoa taarifa nyingine iliyokusanya wagonjwa 100 kwenye jedwali. Mia moja! Zama hizo daktari akiona wagonjwa watatu wa aina moja aliona anajua kila kitu. Katika taarifa hizo alieleza pia kwamba wagonjwa wengi wa figo mioyo yao ilikuwa mikubwa kupita kiasi, kana kwamba moyo ulisukuma damu kwa nguvu mahali penye kizuizi. Chombo cha kupimia presha kilikuwa bado hakijaletwa mahospitalini, lakini Bright alikwisha kuuona uhusiano wa figo na moyo. Leo tunajua kwamba presha huharibu figo, na figo mbovu huongeza presha, kama nyoka anayejiuma mkia.

Mwaka 1842 alifanya jambo ambalo lilikuwa halijafanyika. Hospitali ilimpa wodi mbili zenye vitanda 42, wanaume upande wao na wanawake upande wao, pamoja na maabara ndogo karibu yake, kwa ajili ya wagonjwa wa figo peke yao. Madaktari wakubwa kwa wadogo walifanya kazi pamoja, wakipima na kuandika kwa muda wa miezi sita. Wataalamu wengi huhesabu kwamba hapo ndipo wodi za utafiti za namna hii zilipoanzia.

Lakini tusimsifu mtu hadi tukamfanya malaika. Bright aliweza kuutambua ugonjwa, ila kuuponya hakuweza. Dawa alizokuwa nazo zilikuwa zile za wakati wake: kumtoa mgonjwa damu, kama wazee wa kwetu wanavyoumika kwa chuku, kumwendesha tumbo, kumwosha kwa maji ya moto na kumchagulia chakula. Baadhi ya tiba hizo pengine zilimdhoofisha mgonjwa badala ya kumsaidia. Wengi wa wale aliowaandika walikufa, na ndiyo sababu aliziona figo zao.

Nyumbani kwake pia msiba haukumpita. Alimwoa Martha, binti wa daktari William Babington, mwaka 1822, na mwaka uliofuata mkewe huyo akafariki baada ya kujifungua.  Mwaka 1826 alioa tena, akamwoa Eliza Follett, wakajaliwa watoto. Kumbe hata daktari mkubwa wa London hakuweza kumwokoa mke wake na uzazi. Kifo hakina hodi.

Kadiri jina lake lilivyokua, ndivyo matajiri walivyozidi kumfuata. Mwaka 1837 aliteuliwa kuwa mmoja wa madaktari wa Malkia Victoria. Hapa ndipo pananifanya nifikiri sana. Elimu ile ilichumwa kwa watu wa Southwark, wale wapagazi na wafuaji nguo. Lakini nani aliyefaidi kwanza? Mwenye uwezo wa kumwita Daktari Bright nyumbani. Maskini alitoa mwili, tajiri akapata ushauri. Simlaumu Bright, maana yeye hakuacha kuwahudumia maskini kwa zaidi ya miaka 20. Nasema tu kwamba ndivyo dunia ilivyokuwa imepangwa, na swali ni kama imepangwa upya.

Mwenzake Hodgkin aliliona swali hilo waziwazi. Alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Kweka, akipinga utumwa, na mwaka 1837 alishiriki kuanzisha chama cha kutetea wenyeji wa nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Mwaka huo huo alinyimwa cheo cha daktari msaidizi hapo Guy's, akaondoka. Bright aliiendeleza elimu, Hodgkin akadai haki. Ingekuwa vizuri mambo haya mawili yasiachane njia.

Bright aliacha kazi ya hospitali mnamo miaka ya 1840, akaendelea kuwatibu watu binafsi. Alifariki London tarehe 16 Desemba 1858 akiwa na umri wa miaka 69. Mwili wake ulichunguzwa kama alivyokuwa akiichunguza miili ya wengine, ikaonekana kwamba aliuawa na ugonjwa wa moyo. Figo zake siye zilizomwua.

Je, baada yake ilikuwaje? Ilichukua miaka mingi kupata tiba. Mwaka 1943, katikati ya Vita Vikuu vya Pili, daktari Mholanzi Willem Kolff alimwunganisha mgonjwa kwa mashine ya kwanza ya kusafisha damu iliyofaa kutumiwa kwa binadamu, aliyoiunda kwa vifaa vya kuokoteza. Mwaka 1954 huko Boston, Marekani, figo ilihamishwa kutoka kwa pacha mmoja hadi kwa mwenzake, na mgonjwa akaishi. Mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle alitengeneza mrija uliowezesha mtu kusafishwa damu mara kwa mara kwa miaka. Lakini mashine zikawa chache na wagonjwa wengi, hata ikaundwa kamati ya raia wa kawaida kuchagua nani aishi. Unaona? Swali la Southwark limerudi likiwa limevaa nguo mpya.

Afrika Mashariki nayo haikulala. Katika miaka ya 1960, hospitalini Mulago, Kampala, daktari wa Uganda John Kibukamusoke pamoja na wenzake walichunguza kwa nini watu wengi, hasa watoto, walikuwa wakivimba na kutoa protini kwenye mkojo. Waligundua uhusiano na aina moja ya malaria, ile ambayo homa yake hurudi kila baada ya saa 72. Mwaka 1973 alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Kwa hivyo mambo yaliyofanywa na Bright kando ya Thames yalifanywa na Mwafrika karibu na Ziwa Victoria: kumtazama mgonjwa ambaye wengine hawakumtazama, na kuuliza kwa nini.

Tena nimesoma jambo lililonishangaza. Huko Marekani, kwa miaka zaidi ya 20, hesabu iliyotumika kukadiria nguvu ya figo kutokana na damu iliongeza alama kwa mtu mweusi. Maana yake figo zake zilionekana nzima kuliko zilivyo, na baadhi ya watu wakachelewa kuingizwa kwenye orodha ya kupandikizwa figo. Watafiti walipiga kelele, na mwaka 2021 wataalamu wakapendekeza hesabu mpya isiyotazama rangi. Kumbe ubaguzi unaweza kujificha hata ndani ya hesabu!

Turudi nyumbani Nanighi. Wewe mwenzangu unaweza kuniuliza, sisi Waorma, Wapokomo, Wasomali na Wamunyoyaya wa mto huu tunahusika vipi na Mwingereza wa zamani? Tunahusika sana. Mto Tana ndio uhai wetu. Tunakunywa humo, tunaoga humo, tunanywesha mifugo humo, na mashamba yanapata maji humo. Lakini katika maji yaliyotuama na mifereji ya mashamba kuna konokono wanaobeba kichocho. Wadudu wake huingia kwenye ngozi, mayai yao yakajipachika kwenye kibofu, na mtoto akaanza kukojoa damu. Vijana wengine huchukulia kuwa ni jambo la kawaida tu, ati ni dalili ya kukua. Hapana! Kichocho kikiachwa miaka mingi kinaziba njia ya mkojo, mkojo unarudi nyuma, na figo zinaharibika. Dawa yake ipo, inaitwa prazikwanteli, na ni ya kumeza.

Halafu kuna presha na sukari, ambazo zamani tuliziita magonjwa ya mjini. Siku hizi zipo mpaka manyatani. Mzee anavimba miguu, watu wanasema amerogwa au amelishwa kitu. Anazungushwa kwa waganga mwaka mzima, na akifika hospitali figo zimekwisha. Wakati kipimo cha kwanza ni kile kile cha Bright, ila badala ya kijiko na mshumaa, siku hizi mhudumu wa afya hutumbukiza kijikaratasi kwenye mkojo na kusoma rangi yake kwa dakika moja au mbili.

Na figo zikishakwisha, safari ni ndefu. Kuanzia mwaka 2015 serikali ilipeleka mashine za kusafisha damu katika hospitali za kaunti, jambo la kushukuru, maana kabla ya hapo zilikuwa katika hospitali chache tu za miji mikubwa. Bima ya taifa, iliyokuwa NHIF mpaka SHA ilipochukua nafasi yake Oktoba 2024, husaidia kulipia. Lakini mgonjwa husafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Hebu fikiria mtu wa kijijini kando ya mto, mvua imenyesha, barabara imekatika, nauli hana. Mashine ipo, bima ipo, na bado anakufa. Usawa katika afya ni mgonjwa kuifikia mashine kwa wakati, wala hautoshi mashine kuwa mahali fulani katika ramani.

Ndiyo maana nimeliita jambo hili deni. Ulimwengu ulijifunza ugonjwa wa figo kutoka kwa maskini wa Southwark, na baadaye kutoka kwa watoto wa Mulago. Hao ndio walimu ambao majina yao hayamo kitabuni. Deni lao linalipwa pale mtu wa mwisho kwenye kijiji cha mwisho anapopimwa mkojo mapema kama apimwavyo mkubwa wa Nairobi.

Wanafunzi wenzangu, maabara yetu ni ndogo na vifaa vyake twavijua wenyewe. Lakini Bright alianza na kijiko. Tusome sayansi kwa bidii, tutazame, tuandike, tuhesabu, ili siku moja daktari wa figo wa kaunti hii awe ametoka hapa hapa. Na wewe ukiona damu kwenye mkojo, au uso wa mama umevimba asubuhi, usingoje. Nenda zahanati ukapimwe. Ufa tumeshaonyeshwa ulipo, kazi iliyobaki ni kuuziba.